Ukiambiwa Ulazwe Ili Uanguke

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la kliniki, karatasi ya rufaa mkononi, akaninong'oneza ili wa pembeni wasisikie: "Dada, yaani tulipe hela ili nianguke?"

Kwa miaka 11 nyumba yetu nzima ilikuwa na kazi moja: asianguke. Vidonge asubuhi na jioni kwa saa ileile. Asikeshe. Asibaki peke yake na jiko la mkaa, asipande ngazi, asioge huku mlango umefungwa kwa komeo. Sasa daktari wa mishipa ya fahamu anasema alazwe siku 5, abandikwe nyaya kichwani, kamera imwangalie usiku na mchana, dawa zipunguzwe, kisha wote tungoje kifafa kije. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na naliona tena na tena kwa wagonjwa wengine ninaozungumza nao tangu hapo.

Kabla ya woga, kipimo chenyewe. Wengi wenye kifafa wameshapimwa EEG ya kawaida, kile kipimo cha umeme wa ubongo cha dakika 20 au 30. Unalala, unaambiwa vuta pumzi kwa nguvu kama dakika 3, unamulikwa taa inayowaka na kuzima haraka haraka, unakwenda zako. Mara nyingi jibu linarudi limeandikwa kwamba kila kitu ni cha kawaida, na wewe juzi tu umeanguka sokoni. Mashine haikukosea. Ubongo wenye kifafa unaweza kutulia kabisa kati ya kuanguka kumoja na kwingine, na fundi anayesikiliza injini siku ambayo haigongi hatasikia kitu. Ndiyo maana kuna kipimo kirefu cha siku kadhaa, chenye kamera: picha ya mwili na mchoro wa ubongo vinarekodiwa kwa pamoja, sekunde kwa sekunde, ili ukianguka daktari aone kuanguka kwako kunaanzia wapi, au kama ni kifafa kweli. Hospitali zenye chumba cha kazi hiyo katika nchi zetu ni chache, na wengine wanakifuata Nairobi au India.

Sasa woga. Ukiuacha ukiwa bonge moja utakulemea. Umwage kwenye ungo uuchambue kama mchele, uone mawe ni mangapi na chuya ni ngapi. Jioni ile nilimpa mdogo wangu daftari na kalamu, nikamwambia andika yote, hata yale unayoona aibu kuyasema. Akaandika mistari saba. Nyaya zitanipiga shoti. Nywele zangu. Nitajikojolea mbele ya kamera. Wakinipunguzia dawa nitakufa. Mtoto atabaki na nani. Wataona mimi kichaa. Nisipoanguka je? Fanya hivyohivyo, usiku huohuo uliopewa tarehe. Woga ulioandikwa una ukubwa unaopimika, na mwingine unajibiwa kabla wino haujakauka.

La mtoto lilikwisha kwa simu moja kwa shangazi.

La shoti nalo ni jepesi, ila lieleze taratibu kwa mtu anayeogopa, usimcheke. Nyaya za kipimo hiki hazipeleki umeme kichwani. Kazi yake ni kusikiliza. Umeme wa ubongo ni mdogo mno: tukichukua volti 1.5 za betri moja ya tochi, mawimbi ya ubongo yanayofika kwenye ngozi ya kichwa ni kama sehemu moja ya 30,000 ya nguvu hiyo. Mjerumani Hans Berger alipoyanasa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, huko Jena, alikaa na siri yake miaka 5 kabla ya kuitangaza, na tangu alipoitangaza kipimo kimebaki kilekile cha kusikiliza. Utakachohisi ni mtu anakupima kichwa kwa futi ya kushonea, anaweka alama, anakukwaruza kidogo ngozi ili isafike, anabandika visahani vidogo kwa gundi au kwa jeli nzito, kisha anazungushia bendeji. Kuna waya mwingine kifuani, wa kusikiliza moyo, kwa sababu wapo wanaodhaniwa wana kifafa kumbe ni moyo unaoyumba. Kazi yote inaweza kuchukua saa nzima. Baadaye kichwa kinawasha, na kuwashwa huko, nakuhakikishia, ndiko utakakokulalamikia kuliko kitu kingine chochote.

Nywele zinahitaji maneno zaidi, maana wanaotoa maelekezo mara nyingi hawazijui nywele zetu. Utaambiwa osha kichwa, usipake mafuta. Basi. Hakuna anayekwambia kwamba wigi la kushonea, rasta za kuunganisha na mafuta ya mgando vinaweza kukurudisha nyumbani siku uliyoisubiri miezi. Mimi nasema: fumua wiki moja kabla, usingoje usiku wa mwisho ambao umechoka na una hofu. Osha kwa shampuu mara mbili, acha zikauke, usipake kitu. Halafu piga simu uulize wanapendelea nywele ziachwe wazi au zisukwe, kwa sababu msuko wenyewe unaweza kuwa msaada. Pale Carnegie Mellon, chuo kikuu cha Pittsburgh, Marekani, mhandisi kijana Arnelle Etienne na wenzake walionyesha mwaka 2020 kwamba nywele za kipilipili zikisukwa mistari iliyonyooka, ile tunayoiita twende kilioni, ngozi inabaki wazi katikati ya mistari na visahani vinakaa vizuri zaidi. Wakabuni na vibanio vinavyojishikiza chini ya msuko. Huenda hospitali yako haina vibanio hivyo, lakini wazo la kusuka mistari mahali wanapoweka nyaya ni la kumuuliza fundi wa kipimo. Mdogo wangu aliuliza. Fundi alifikiri kidogo, akamwonyesha kwa kidole mistari ipite wapi.

Wanaojifunga mtandio waulize mapema kuhusu mtandio mwepesi juu ya bendeji, na waombe fundi au muuguzi wa kike. Hilo ni ombi la kawaida. Kuhusu udhu na maji kichwani, zungumza na sheikh wako kabla ya kulazwa, usije ukabaki na wasiwasi wa ibada juu ya wasiwasi wa maradhi. Kama tarehe imeangukia Ramadhani, mwambie daktari ndipo mpange.

Nafika kwenye kamera, na hapa nitakaa.

Mtu mwenye kifafa hajioni anavyoanguka. Anajua kwa kuambiwa, na mara nyingi zaidi anajua kwa nyuso za watu anapozinduka. Amezinduka mara ngapi akakuta kanga imelowa, duara la watu wamesimama mbali, mmoja ameziba mdomo? Dk. Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania, miaka ya 1960, aliandika juu ya wagonjwa waliokuwa na makovu ya moto, kwa sababu walioanguka jikoni waliachwa na watu wenye hofu ya kuambukizwa kwa kuwagusa. Hofu hiyo ni ya uongo, kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa povu, lakini bado ipo mitaani kwetu. Mtu aliyelelewa ndani ya hofu ya namna hiyo, ukimwambia kwamba safari hii kuanguka kwake kutahifadhiwa kwenye kompyuta na kurudiwa kutazamwa, usishangae akikataa.

Bibi yetu husema mficha uchi hazai, na mdogo wangu aliambiwa methali hiyo mara tatu juma lile bila kusaidika. Alisaidika kwa majibu ya maswali. Kwa hiyo uliza, tena uliza kabla ya kutia sahihi fomu: Kamera inaona hadi wapi, na chooni je? Nani anaitazama usiku? Picha zinatunzwa wapi na nani ana ruhusa ya kuziona? Zikitumika kufundishia wanafunzi, naweza kukataa? Omba pia kukiona chumba kabla. Mdogo wangu aliingia, akasimama chini ya kamera, akaona ni kidude kidogo kwenye kona ya dari kinachotazama kitanda. Akakaa kitandani, naye akakitazama. Tulipotoka alisema alidhani kingekuwa kikubwa.

Usiku wa tatu wa kulazwa, saa nane na kitu, nilisikia pumzi yake imebadilika. Nilibonyeza kitufe cha kuita wauguzi. Kabla sijamaliza kuwasha taa muuguzi alikuwa ameingia anakimbia, na wa pili nyuma yake. Mmoja alivuta shuka ili kamera ione miguu na mikono, akamgeuza ubavu, huku anamwita jina. "Nisikie. Kumbuka neno hili: embe. Inua mkono. Hii ni nini?" Alikuwa ameshika kalamu. Mdogo wangu aliitazama kalamu ile kama kitu ambacho hajawahi kukiona duniani. Ilipita kama dakika moja na nusu. Alipolegea, muuguzi alimfuta mdomo, akamfunika kwanza kanga kavu, ndipo akaitoa ile iliyolowa chini yake. Mkono mmoja juu ya kanga, mwingine chini, bila kumfunua hata kidogo.

Asubuhi akauliza swali nililolijua: "Waliniona?" Muuguzi akamjibu, "Tulikuona. Ulianza kwa kugeuza shingo kulia, kabla mkono haujakaza. Umewahi kuambiwa hivyo?" Hakuwahi. Miaka yote hiyo, nami nikiwemo, tulikuwa tunatazama povu na kutafuta kitambaa, hatukuwahi kuona shingo. Upande shingo inakogeukia, na mkono upi unaoanza, humsaidia daktari kujua upande wa ubongo uliowaka kwanza. Kwa mara ya kwanza kuanguka kwake kulikuwa na faida kwake mwenyewe. Na kwa mara ya kwanza alianguka ugenini mahali ambapo watu walimkimbilia. Kwingine kote wamemkimbia.

Dawa sasa. Huu ndio woga wenye jiwe ndani yake, na sitakudanganya kwamba ni chuya. Dawa zikipunguzwa, kifafa kinaweza kuja kikali kuliko ulivyozoea, au kikaja mara kadhaa kwa siku. Mara chache kinakataa kukoma. Kwa kawaida mtu hutulia ndani ya dakika 2 au 3. Kikipita dakika 5 ni dharura, popote ulipo. Ndiyo sababu unawekewa kanula mkononi tangu siku ya kwanza na inabaki hapo hata kama hupewi dripu, ili dawa ya kukatiza iingie mara moja. Ndiyo sababu kitanda kina vizuizi pembeni, oksijeni iko ukutani, na huendi chooni peke yako.

Kwa hiyo usiombe uhakikisho, omba mpango. Dawa gani inapunguzwa, kwa kiasi gani, siku gani? Mtaingilia baada ya dakika ngapi, kwa dawa ipi, na ipo ndani ya wodi au mpaka iletwe kutoka famasi? Nani anaangalia skrini saa tisa usiku? Kama jibu la swali hili la mwisho ni "ndugu yake atakuwepo", uliza tena, na ukijibiwa vilevile omba dawa zisiguswe. Ndugu anasinzia. Nimesinzia mimi mwenyewe.

Wala usianze nyumbani. Wapo wanaoambiwa watapunguziwa dawa hospitalini, wakaona watangulie ili siku za kulazwa ziwe chache na gharama ishuke. Usifanye hivyo kamwe, isipokuwa daktari amekuandikia. Fenobabitoni hasa, ambayo wengi wetu tunaitumia kwa kuwa bei yake ni nafuu, ikiachwa ghafla inaweza kuleta kifafa mfululizo, na ndani ya basi la kwenda hospitali hakuna kanula. Mwanamke amwambie daktari kama huanguka zaidi karibu na siku zake, au kama huenda ni mjamzito.

Ukiwa kitandani woga unaweza kurudi kama mawimbi, hasa jioni wageni wakiondoka. Ukiona unahema haraka, jua kwamba kuhema huko kwenyewe kunaleta kizunguzungu na ganzi ya vidole, na kwa baadhi ya watu huchokoza kifafa. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko ile uliyovuta, ukihesabu. Weka mikono mahali unapoiona. Mdogo wangu alifuma vitambaa vya meza; mwanamume wa chumba cha pili alikuwa na bao dogo la safari na alimchosha kila aliyemtembelea. Beba kazi ya mikono, maana siku ni ndefu na simu peke yake haitoshi. Beba mashati ya vifungo au madera yanayofunguka mbele, kwa sababu hakuna kitakachopita kichwani. Acha bigijii nyumbani: kutafuna kunachafua mchoro. Na usijikune, mwite muuguzi.

Kama wewe ndiye msindikizaji, kazi yako unaijua sasa: bonyeza kitufe, vuta shuka, usisimame kati ya kamera na kitanda, usimshike mikono, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Sema kwa sauti unachokiona, kwa kuwa chumba kinarekodi sauti pia: "mkono wa kulia umeanza", "macho yamekwenda juu". Nyumbani kabla ya kuja, rekodi kuanguka kwake kwa simu, kwa ruhusa yake, na andika tarehe, saa na muda kwenye daftari. Video moja ya sekunde 40 inaweza kumwonyesha daktari jambo ambalo maelezo ya familia nzima hayakulisema.

"Nisipoanguka je?" Hutakuwa umeshindwa, wala hakuna atakayekukasirikia. Siku kadhaa za usingizi wa usiku zilizorekodiwa hueleza mengi hata pasipo kuanguka. Wakati mwingine siku huongezwa, wakati mwingine unarudi tena. Ulizia mapema bima italipa siku ngapi, na upate barua ya idhini mkononi kabla ya kitanda.

Ulibaki mstari wa kichaa. Huo haukuwa woga wa mashine, ulikuwa woga wa jibu. Na jibu linaweza kukushangaza kweli. Si wachache wanaotoka katika vyumba hivi wakiambiwa kwamba kuanguka kwao hakutokani na umeme wa ubongo, na kwamba dawa walizomeza miaka mingi hazikuwa zao. Watu wa nyumbani wakisikia hivyo hukimbilia neno la kikatili: kumbe anaigiza. Haigizi. Mwili unaanguka bila yeye kutaka, mara nyingi kwa mtu aliyebeba msongo au jeraha la moyo la siku nyingi, na kuna tiba yake, ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia. Wapo pia wenye yote mawili. Ukipewa jibu hilo, omba aelezwe mume, mama au yeyote mnayeishi naye, wewe ukiwepo, kwa kinywa cha daktari mwenyewe. Na usiache dawa siku hiyohiyo; zinaondolewa kwa ngazi.

Jibu la mdogo wangu lilikuwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, upande wa kushoto. Dawa yake ikabadilishwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kwa wale ambao dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zimeshindwa kuwasaidia, mchoro wa kipimo hiki ndio mlango wa kujua kama upasuaji unawezekana.

Siku ya kutoka, usivuke mlango kabla dawa zako hazijarudishwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi, na siku mbili za kwanza usibaki peke yako. Jeli inatoka kwa maji ya uvuguvugu. Gundi ngumu inatolewa palepale hospitalini kwa dawa yake, usiikwangue kwa kucha.

Na wewe unayesoma haya kwa ajili ya ndugu yako, si kwa ajili yako: omba ruhusa kazini mapema. Beba sweta, vyumba vile vina baridi ya kiyoyozi, na beba kanga mbili za ziada, kavu. Umwambie utakuwepo, kisha uwepo.